Nguruwe Mweusi wa Mama

Sangmok, kisiwa cha Jeju
12 Aprili 1972

Mdogo wangu Manseok,

Barua uliyoiandika wakati wa baridi imefika sasa, shayiri imeshafika magotini. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa upya, kwa hiyo ujue tunasomwa na mtu wa tatu. Haidhuru. Sisi ni watu wa nguruwe na mwani, anayetusoma atasinzia.

Mama hajambo, isipokuwa magoti. Amekaa hapa ubavuni mwangu ananiambia la kuandika. Anasema: "Mwambie yule mpumbavu, kama mikono haijamkatika huko Japani, aandike barua inayozidi mkia wa nguruwe." Nimemwambia aningoje nimalize salamu. Anasema salamu hazijawahi kumshibisha mtu.

Jike wetu amezaa saba. Mmoja alilaliwa, sita wako hai, weusi tititi, pua ndefu kama za wambeya. Huyu ni kizazi cha yule aliyetoka msituni mwaka wa moto, kwa hiyo mama anawatunza kuliko anavyonitunza mimi. Nikitoka baharini na baridi yangu, chungu cha kwanza kwenye moto ni cha nguruwe.

Lakini mambo yanabadilika. Mwenyekiti Hyeon anapita kila asubuhi na kipaza sauti: kijiji kipya, maisha mapya. Mazizi yote ya mawe yabomolewe, kila nyumba ijenge choo cha saruji, maana eti ni aibu mgeni kuona nguruwe anakaa chini ya choo na kula tunachoangusha. Serikali imegawa nguruwe weupe kutoka bara. Masikio kama majani ya kabichi. Kwa miezi minne wanafikia uzito ambao wa kwetu anaufikia kwa mwaka mzima. Hyeon amechukua watatu na anawaonyesha watu kama wakwe zake.

Mama aliwatazama, akasema: "Kinachokua kama uyoga hufa kama uyoga." Hyeon akamjibu, "Bibi, na wako anakua kama jiwe." Mama akasema, "Ndiyo. Umeona jiwe limekufa lini?"

Katika hao sita kuna dume mmoja mama amemtenga. Anasema ni wa siku utakayorudi. Ukija umekonda utapewa kichwa, ukija umenenepa utanyimwa.

Dada yako,
Gwirye

*

Ikuno, Osaka
3 Juni 1972

Dada Gwirye,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na mara zote nimemsikia mama. Mwambie mikono ipo, ila imejaa gundi. Tunabandika soli za ndara, mimi na wenzangu wanne, katika chumba ambacho mama angesema hakitoshi jike na wanawe. Madirisha hayafunguliwi vumbi lisishike gundi. Ukitoka nje jioni hewa safi inakulewesha. Kifua kinanisumbua kidogo, ni hiyo harufu tu.

Mwenye nyumba wangu, Bi Kang, ni mtu wa kisiwa chetu, wa upande wa mashariki. Ananiita "bwana harusi" kwa kuwa nina miaka arobaini na moja na sijaoa. Jumapili hununua vichwa vya nguruwe sokoni akachemsha. Ni vyeupe, mafuta yake kama sabuni. Tunakula tu.

Nilipokuwa nabandika jana nikamkumbuka yule jike wa kwanza. Unakumbuka? Baba ameshachukuliwa, kijiji kimeshachomwa, tuko pwani katika vibanda, kila jioni mama anatusimamisha njiani tuangalie mlimani. Tulimngoja baba, akarudi nguruwe. Mbavu zimetoka, sikio moja limechanika, amekula mizizi na theluji miezi mitatu, na tumboni ana mimba. Mama alimshika shingo akakaa naye chini pale njiani. Hakulia. Alisema, "Haya, wewe angalau umejua njia."

Nimeanza kuulizia karatasi za safari. Mambo ya ofisi huenda polepole, lakini yanakwenda. Dume asichinjwe kwa ajili ya mtu mwingine.

Mdogo wako,
Manseok

*

Sangmok
20 Agosti 1972

Mdogo wangu,

Joto la mwaka huu halijawahi kuonekana. Visima vya juu vimekauka, viazi vitamu vimelala kwenye udongo kama watu waliokata tamaa. Nikipiga mbizi, maji ya juu ni ya moto mpaka usawa wa kifua.

Wale weupe wa Hyeon wamekufa wote watatu. Ngozi iliiva ikawa nyekundu kama kamba aliyechemshwa, wakawa wanahema midomo wazi. Hyeon alibeba maji ya familia yake akawamwagia, mkewe anapiga kelele nyuma, na bado wakafa. Aliketi ukutani na ndoo mkononi. Mama alimpelekea maji ya kunywa, na hakusema neno lolote kuhusu uyoga. Nilimtazama nikajua anazeeka.

Wetu wamesalimika. Jike alichimba chini ya ukuta upande wa kaskazini mpaka akafikia udongo wa baridi, akajilaza humo, wanawe mgongoni. Mchana wote hajisogezi. Jua likizama anatoka, anakula mabua ya viazi, maganda, na vile vya chooni, kisha anarudi. Wanawe hawajaongezeka hata kiganja tangu Juni, wana vichwa vikubwa na matumbo madogo, lakini macho yako wazi. Mama anasema wanangoja. Anasema nguruwe wa kwetu hula njaa kama wengine wanavyokula chakula.

Habari hiyo ilifika mjini. Akaja bwana mifugo mmoja kijana, Heo, wa kituo cha utafiti cha bara. Mtu wa adabu. Alivua viatu, akakaa na mama, akala viazi vyetu bila kukunja uso. Akawapima wanyama kwa mizani ya kuning'iniza, akaweka mkono kwenye mbavu za jike kuhesabu anavyopumua. Akasema: "Bibi, huyu anapumua kama yuko kivulini."

"Yuko kivulini," mama akasema. "Amejichimbia."

Heo akacheka, kisha akaeleza. Anamtaka jike na lile dume. Watawaweka pamoja na weupe katika joto, katika baridi, kwenye chakula kingi na kidogo, waone nani anakua vipi na nani anavumilia nini. Anasema nguruwe weusi halisi wamebaki wachache kisiwani, na wakubwa wake hawaamini kwamba wana faida yoyote. Yeye anataka kuwaonyesha.

Mama akamuuliza, "Mtu akiazima jembe hurudisha jembe. Wewe utarudisha nini?"

"Nguruwe, bibi."

"Akiwa hai?"

"Nitafanya kila niwezalo."

Mama hakukubali wala hakukataa. Baada ya yeye kuondoka aliniambia: "Muulize mdogo wako. Yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii, hata kama ni mwanamume wa kwenye bahasha. Na mwambie asijibu kwa kuchelewa kama anavyofanya kila jambo, mpaka nywele zimemtoka hajapata mke."

Gwirye

*

Osaka
30 Septemba 1972

Dada,

Nimewaza sana, nikazungumza na Bi Kang pia. Nasema wapeni.

Sababu yangu ni hii. Umesema mazizi yatabomolewa. Zizi likibomolewa, nguruwe atakaa wapi? Ataingia chunguni, na wa majirani wataingia chunguni, na mwakani mtu akitaka mweusi atamtafuta kwa taa. Huko kituoni kuna paa, kuna daktari wa mifugo, kuna mtu anayewapenda. Akithibitisha alichokiona, serikali yenyewe itasema wahifadhiwe. Hatuna njia nyingine ya kuwaokoa wale wanyama. Kuhusu dume la kurudi kwangu, msijali. Wakizaliana huko tutapewa mwingine.

Mwambie mama asimfanyie Heo ukali. Kijana anayevua viatu mlangoni si mtu mbaya.

Namtumia koti la sufu, la kijivu. Mifuko yake ni mirefu, ataweza kuficha viazi asikuonjeshe.

Manseok

*

Sangmok
9 Januari 1973

Mdogo wangu,

Nisamehe kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi.

Nguruwe waliondoka kwa meli mwishoni mwa Oktoba. Jike alikataa kupanda ubao. Wanaume wanne walimsukuma asiende. Mama akashuka mwenyewe mpaka gatini, akamshika shingo, akatembea naye hadi ndani, kisha akatoka peke yake. Heo alimwinamia mpaka chini.

Mazizi yalibomolewa Novemba. Tuna choo cha saruji, ni kisafi, hakina harufu. Wale vitoto niliwagawa. Nimebaki na jike mmoja mdogo, lakini dume mweusi hapatikani hata ukivuka vijiji vitatu, ikabidi apandwe na dume jeupe la chama cha ushirika. Watoto watatoka mabaka.

Koti limefika. Mama anashukuru sana. Anasema ujitunze, ule vizuri, usifanye kazi kupita kiasi. Anasema anakuwaza kila siku na anakuombea amani.

Huku kuna theluji.

Gwirye

*

Osaka
2 Machi 1973

Dada yangu Gwirye,

Nimepata barua. Nimeisoma polepole.

Mwambie mama nimefurahi kusikia maneno yake, nami nitayafuata. Wewe pia usiende baharini upepo ukivuma, hata kama wenzako wanakwenda. Usikae peke yako jioni. Nenda kwa baba mdogo Changho, ukale kwao.

Karatasi zinaendelea. Je, Heo ameandika chochote?

Manseok

*

Sangmok
15 Julai 1973

Manseok,

Nakuandikia mambo mawili, na sijui nianze na lipi, kwa hiyo naanza na la nguruwe.

Heo alikuja juzi. Nilipomwona anapanda njia peke yake, mikono mitupu, niliendelea kuanika mwani. Alivua viatu akapiga magoti mlangoni asiingie ndani.

Alinieleza yote. Waliwekwa katika vyumba vya joto, weusi na weupe. Weupe waliacha kula siku ya pili. Jike wetu alipunguza chakula kidogo akaendelea. Wakawekwa kwenye baridi yenye unyevu. Weupe wakakohoa, wetu akaota manyoya mazito. Wakapunguziwa chakula nusu. Weupe wakapoteza mwili, wetu wakasimama palepale, wasiongezeke wala kupungua. Chakula kiliporudi wakaanza tena kukua, taratibu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Heo alikuwa anaeleza huku uso unang'aa, Manseok, alikuwa na fahari nao kama baba mwenye mtoto aliyefaulu.

Nikamuuliza, "Sasa wako wapi?"

Akasogeza viatu vyake kando. Kisha akasema, "Utafiti huishia kwenye kupima nyama na mafuta."

"Mmewachinja."

"Wote, dada. Weupe na weusi. Niliomba wabaki wawili. Wakubwa walisema ripoti haikamiliki bila mizoga, na kwamba mnyama anayekua polepole hivyo hataleta faida hata akivumilia nini. Wameagiza weupe wengine, mamia. Wanajenga mabanda yenye feni."

Nikamuuliza kama walizaa. Akasema jike alizaa mara moja huko, na kwa dume jeupe, maana ndivyo mpango ulivyokuwa.

Alikuwa analia. Sikumfukuza. Nilimpa maji akanywa. Aliomba kumwona mama amwombe radhi, na hapo ndipo ikabidi niseme kwa mdomo wangu kile ambacho sijakuambia wewe.

Mama alifariki tarehe ishirini na sita Novemba.

Walipokuja kubomoa zizi alikuwa amekaa juu ya ukuta. Hyeon akamwambia, "Bibi, shuka, tafadhali, wanaume wana kazi." Mama akasema, "Nimewakalisha nguruwe hapa miaka hamsini, niacheni nami nikae kidogo." Mvua ikaanza. Wakamngoja, ndiyo, walimngoja kwa heshima, wamesimama na nyundo zao mvuani. Alishuka mwenyewe alipotaka. Jioni akaanza homa, na siku ya tano akatuacha. Koti lako lilifika akiwa ameshazikwa.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungepanda mashua ya magendo usiku huohuo kama ulivyofanya mwaka wa hamsini na tisa ulipotaka kurudi, ukakamatwa tena ukafungwa kwa Wajapani, au safari hii ungefika na kufungwa na wa kwetu. Mama mwenyewe, homa imempanda, alinishika mkono akasema: "Yule asijue. Atakuja." Basi nikakuandikia kana kwamba yuko.

Kwenye msiba hapakuwa na nguruwe wa nyumba. Hyeon alileta mweupe aliyemnunua mwenyewe, akamchinja kwa mkono wake. Mchuzi wa nyama na mwani haukushika, mafuta yalielea juu peke yake na mwani chini peke yake. Watu walikula, wakasema ni mtamu.

Unilaumu ukitaka.

Gwirye

*

Osaka
8 Septemba 1973

Dada,

Barua hii inakuja kwa mkono. Bi Kang anakwenda kuwaona ndugu zake, atakufikia. Kwa hiyo leo tuko wawili tu, nami nitasema wazi.

Sikulaumu. Nilijua tangu barua yako ya Januari. Uliandika kwamba mama anasema nijitunze na ananiombea amani. Dada, mama hakuwahi kunisemea neno laini hata mara moja. Nilipopanda mashua ya kuja huku nikiwa na miaka kumi na saba aliniambia, "Nenda, mdomo mmoja umepungua." Nilipofika kwenye mstari ule wa amani niliweka barua chini, nikamwambia Bi Kang, "Mama amekufa." Akaniuliza, "Dada yako ameandika hivyo?" Nikasema, "Ameandika vingine kabisa."

Tulimwekea sinia ukumbini, wali, samaki na kipande cha nyama. Kisha nikakujibu kana kwamba sijui. Niliona unabeba jambo zito kwa ajili yangu, nikaona nisikunyang'anye. Na kusema kweli, mradi unaandika "mama anasema," alikuwa bado anasema.

Nguruwe ni mimi niliyesema wapeni. Sina la kuongeza.

Sasa la kwangu. Hakuna karatasi za safari. Sijawahi kuziomba. Nilipofika hapa, waliotupa shule na mahali pa kulala ni watu wa chama kile, unakijua, kile ambacho serikali ya kwetu inasema wanachama wake ni majasusi wa kaskazini. Nilijiunga kama wengine wote mtaani. Nikishuka gatini kwenu nitapelekwa mahali ambapo askari walimpeleka baba mwaka wa moto, na wewe utafuatwa nyumbani. Kila mara nilipoandika kwamba mambo yanakwenda, nilikuwa naandika ili mama aendelee kulisha lile dume.

Na kifua si harufu ya gundi. Nimepigwa picha hospitali. Daktari ni mtu mpole, alizunguka sana kabla ya kusema. Nimeacha kazi. Napanda ngazi za chumbani kwa kupumzika njiani. Bi Kang ameacha kuniita bwana harusi.

Usiniandalie chochote. Usiniwekee mnyama. Kama wale vitoto vya mabaka wanakua upesi, wauze, ujinunulie vazi zuri la kupigia mbizi, lile la mpira wanalovaa wa huku, lisiloingiza baridi.

Manseok

*

Sangmok
11 Oktoba 1973

Mdogo wangu,

Bi Kang amelala kwangu siku tatu, na barua hii anarudi nayo. Amenieleza unavyoonekana, ingawa nilimwona anachagua maneno. Ananichekesha, yule mama. Tumechemsha viazi tukala, tukaongea mpaka sauti zikakauka.

Nilitaka nije huko, lakini sitaweza. Nimeuliza mjini. Walinihoji ni nani ninayemtaka Osaka, nikasema hakuna, nilikuwa nauliza tu.

Vitoto vya mabaka walikuwa wanane. Watano walikufa mvua za Septemba. Waliobaki wanakua upesi, ndiyo. Nimewapa watu wa ushirika. Mahali palipokuwa zizi nimepanda kabichi, na zimestawi vibaya sana, nene kupita kiasi, kwa mbolea ya miaka yote ile. Siwezi kuzila. Nawapa majirani.

Heo ameacha kazi. Nasikia anauza dawa za kilimo mjini. Alinitumia salamu.

Nina swali moja, nalo ni gumu, lakini wewe umeniambia kweli nami nakuuliza kweli. Mama amelala kwenye kona ya shamba la baba mdogo Changho, upande wa juu, palipo na ukuta wa mawe. Tulipojenga ukuta niliwaambia waache nafasi ya mtu mmoja. Hawakuniuliza ya nani. Bi Kang anasema huko wafu huchomwa, na majivu anaweza kuyaleta kwenye mzigo wake, majivu hayaulizwi ni ya chama gani.

Baba mdogo ameanza kupanda shayiri. Jana alikuja akasimama pale na jembe, akaniuliza kama alime mpaka ukutani au aache. Nimemwambia anipe muda, nimeandika barua. Amesema atangoja, ila mbegu imeshalowekwa.

Dada yako,
Gwirye